Karatasi za Karanga

Jumatatu, 9 Septemba
Tumemaliza kuskani mafaili ya wanafunzi wa zamani wa chuo chetu. Bosi Adelard kanisifia mbele ya ofisi nzima — Raudha ana mkono mwepesi, muigeni. Nikavimba kichwa. Karatasi zikishaingia kwenye kompyuta zinatakiwa kuchomwa. Mie nazipelekaga kwa mama yangu, kule Tandale, afungie karanga anazouza. Kuchoma hasara.

Jumanne, 10 Septemba
Kaja mwalimu, mama mtu mzima, anaitwa Yuliana. Cheti chake kilisombwa na mafuriko. Ijumaa anasailiwa awe mkuu wa shule, anaomba matokeo yake ya chuo. Adelard kafungua kompyuta: mwaka wa kwanza upo, wa pili haupo. Akamwambia palepale dirishani, foleni inasikia, kwamba hakumaliza. Mama wa watu akasema alimaliza, tena na mimba ya miezi minane. Watu wakacheka. Mie nikainamia kibodi.

Mwaka wa pili ulikuwa nyuma ya karatasi. Skana ina kitufe cha kuskani pande zote mbili. Nilikizima. Kilikuwa kinanichelewesha.

Jumatano, 11 Septemba
Yuliana kaja tena, na kitenge kilekile cha jana. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu — na akanishukuru kwa kumpa kiti. Kiti! Natamani ardhi ipasuke.

Nikadanganya naumwa kichwa, nikakimbilia Tandale. Mama anasema karatasi za chuo wateja wanazipenda, nyeupe, ngumu. Limebaki boksi moja tu. Nimepekua mpaka adhana ya magharibi, nikaipata karatasi yake! Kafaulu masomo yote. Mama akauliza nalia nini. Nikasema vumbi.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimeipiga pasi. Bado inanuka karanga. Nikiitoa, Adelard atauliza nimeipata wapi. Halafu atauliza, na wengine je? Wa maboksi yaliyokwisha? Hapo kazi sina.

Niko mezani, karatasi iko chini ya hili daftari. Yuliana yuko kwenye benchi tangu tunafungua. Adelard kashamwambia asisumbue watu.

Sasa kaja kuinama mezani kwangu, anaongea kwa sauti ya chini. Eti amechoka kubishana. Mwandiko wangu kauona mzuri — nimwandikie barua kwa wasaili, akiri kwamba hakumaliza chuo, labda watamhurumia. Kalamu ninayo mkononi. Anasubiri.