Saa Yangu Iko Sawa

Jumanne, 4 Novemba

Haya, umeonekana! Miezi miwili na siku tatu daftari hili limelala chini ya mto na wewe unapita pembeni yake kama mmekosana. Ulikuwa na kazi gani? Sare za shule? Sare zilikwisha mwezi wa tisa. Mvivu mkubwa, bibi mzima! Mpaka mambo yakuchachie ndipo unakumbuka kalamu. Kaa. Andika.

Mambo yamechacha.

Jana mchana umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta aliyoniachia Kitinda, binti yangu wa mwisho, iliwaka ikiwa kama mgonjwa aliyezinduka – haijui leo ni lini, haijui ni saa ngapi, inaniuliza mimi. Nikaijibu. Tarehe tatu. Nikatazama saa ya ukutani, nikaandika saa tisa na dakika kumi. Ikashukuru, ikafunguka. Nikajua yamekwisha.

Wapi! Ile programu ya kupitishia barua imegoma. Kitinda huiita kwa jina la kizungu, mimi naiita Njia ya Panya. Alinieleza siku anaiweka, na nilimwelewa kuliko alivyodhani: barua inafungwa kwenye kitambaa, juu ya kitambaa kitambaa kingine, halafu inapita nyumba kwa nyumba kwa watu wasiojuana. Kila mmoja anafungua tabaka lake na kumpa wa mbele. Hakuna anayejua imetoka kwa nani wala inaishia wapi. Nami kompyuta yangu inapitisha za wenzangu. Nikasema basi huo ni umbea wenye adabu. Akacheka. Mara ya mwisho kumsikia akicheka humu ndani.

Sasa imeandika: *Wenza hai: 0.* Ina haja gani ya kunitangazia? Mjane mimi mwaka wa kumi na nne! Chini yake, kwa rangi nyekundu: *Hitilafu: saa si sahihi.*

Saa si sahihi! Nimetoka kuitazama ukutani! Redio nayo ikasema saa tisa na robo wakati nasoma. Mwongo nani, redio au hilo bati?

Nisijifanye ni mzaha. Ijumaa Kitinda aliandika: Mama, nakuja Jumanne tarehe kumi na moja, siku moja tu, kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wako Pilipili. Shule wanataka chenyewe, hawataki picha. Nikamjibu njoo. Kesho yake, Jumamosi, mtu wa kofia akaketi kwa fundi viatu, ng'ambo ya barabara, na hajatengenezewa kiatu mpaka leo. Namjua. Ni wa kwa mkwe wangu, yule mume Kitinda aliyemkimbia.

Kwa hiyo lazima nimwambie asije. Namba yake ya simu sina; alikataa kunipa, akasema, Mama, usichokijua hutakisema hata wakikubana. Simu yangu mwenyewe mkwe anaijua kuliko mimi, ana rafiki yake huko kwenye kampuni ya simu. Njia ni hii moja.

Nimeandika: USIJE. ANAKUVIZIA. Nimebonyeza kutuma. Mshale mmoja umesimama pembeni, hauendi. Ukiwa miwili ndiyo imefika.

Siku saba.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeifunga kompyuta kwenye khanga, nimeipeleka kwa Fundi Miwani, mtengeneza kompyuta. Nikampitia Kofia pale nikimwambia makusudi, "Naona kiatu chako kina ugonjwa wa kudumu, baba." Akatazama chini.

Fundi Miwani anaheshimu watu. "Bibi, shikamoo." "Marahaba, hili limegoma." Akachomeka, akaiwasha, vidole vikamkimbia. Chai yangu haijapoa: *Wenza hai: 14.* Kijani!

"Bibi, mbona nzima?"

"Inasema saa si sahihi."

Akatazama pembeni. "Saa iko sawa. Inakusingizia."

Ningefungua sanduku la barua palepale. Sikufungua. Barua haiondoki sanduku likiwa limefungwa, nalo lina neno la siri, na Fundi huyuhuyu ndiye anayetengeneza printa za ofisini kwa mkwe. Mtu mzuri, lakini mdomo wake hauna kifungo. Kitinda aliandika nyuma ya daftari hili: *Mama, sanduku usilifungue mbele ya mtu yeyote.* Mtu yeyote ni mtu yeyote.

Nyumbani. Nimechomeka, nimewasha. Ikaniuliza tarehe na saa, imeshasahau! Nikaandika: tano, saa saba na nusu.

Wenza hai: 0.

Nilitamani kuipiga kofi.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi kioo kinakuwa cha manjano, kama kinaona homa. Jana pia. Mchana kinapona. Wenza 0.

Mkwe amekuja. Kavua viatu mlangoni, kaamkia kwa sauti ya msikitini. "Mama, namtafuta mwanangu tu."

Nikamwambia mwanao ulimpoteza siku ile ulipomvunja mama yake mkono huku anatazama. Pilipili ana miaka mitano, lakini ana macho.

Akacheka. Akasema mama una hasira bure, mambo ya ndani ya nyumba hayo. Akatembeza macho – kitandani, kabatini, kwenye kompyuta. Akauliza siku hizi unajua kompyuta, mama? Nikasema naangalia mitindo ya magauni. Akasema safi sana. Akasema atakuja tena wiki ijayo, pengine Jumanne.

Jumanne! Kwa nini Jumanne? Kabahatisha, au anajua?

Cheti nimekishona ndani ya pindo la pazia. Mishono midogo. Atafute.

Ijumaa, 7 Novemba

Kwa Fundi tena. Kwake kijani, wenza 19. Kwangu sifuri. Akanipa maneno: pengine ni kisanduku cha intaneti cha nyumbani, pengine ni waya, pengine ni ulinzi wa virusi unaoziba njia. Akaja mwenyewe mpaka nyumbani, Mungu ambariki, akabadilisha waya, akazima ulinzi, akakizungusha kisanduku mpaka kizunguzungu kikanipata mimi. Saa hakuitazama tena, kwake ilikuwa sawa. Sifuri.

"Bibi, dawa yake ni moja. Tuifute programu, tuiweke upya. Dakika kumi."

Nilimshika mkono. Kitinda aliandika kwa herufi kubwa: *USIFUTE. Ukifuta, anwani yako inakufa na yangu huijui tena.* Nikamwambia Fundi, gusa hicho kitufe nikushone mdomo kwa uzi wa jeans.

Akacheka, lakini aliondoa kidole.

Nilisahau kumwambia habari ya kioo cha manjano. Si lazima, ni uchovu wake tu.

Jumapili, 9 Novemba

Jana sikuandika. Nilikaa mbele ya hilo bati kutwa nikaizima na kuiwasha mara sita. Kila mara inauliza saa, kila mara naijibu ukweli, kila mara inaniita mwongo. Mimi! Nimeshona sare za shule miaka thelathini bila kukalia dawati hata siku moja. Herufi nilijifunza kwenye madaftari ya wanangu wakiwa wamelala mchana. Lakini saa naijua tangu nimezaliwa!

Leo nimeazima simu ya Bi Mkaa, jirani wa nyuma, muuza mkaa, ndiye aliyenisaidia kumlea Kitinda. Nikampigia Fundi.

"Bibi, kompyuta yako inasema saa ngapi sasa hivi?"

"Saa nne na nusu kasoro dakika mbili."

Nadhani akatazama yake. "Basi iko sawa kabisa. Hata sekunde haijakosea."

"Ndivyo ninavyosema mimi!"

"Bibi, tuifute tu."

Nikamkatia. Bi Mkaa akasema, shoga, umekonda kwa siku nne, hiyo kompyuta inakula nini? Nikamwambia inanila mimi. Nikamwambia na mengine pia, kwa sauti ndogo. Yeye ni Bi Mkaa. Akanikamata bega kwa mkono wake mweusi, khanga yangu ikabaki na vidole vyake.

Siku mbili.

Jumatatu, 10 Novemba

Mjinga! Mjinga! Mjinga!

Si mimi peke yangu. Na Fundi pia. Na kompyuta ndiyo mjinga zaidi.

Asubuhi nimempelekea tena. Nimeketi, sikunywa chai, namtazama vidole. Kwa kusema tu, nikamwambia, na huu manjano wake unaniumiza macho kila asubuhi.

"Manjano gani?"

"Kioo. Saa tatu asubuhi kinakuwa kama taa ya mafuta."

Akavua miwani. "Hiyo ya manjano ni ya usiku, Bibi. Kompyuta ikijua watu wamelala inapunguza mwanga. Haiji asubuhi."

"Kwangu inakuja."

Akanisukumia kibodi. "Hebu niandikie hapa saa tatu asubuhi, kama unavyoiandikia nyumbani."

Nikaandika. Tatu. Sifuri sifuri.

Akashika kichwa. Akacheka mpaka mteja akatoka nje. Bibi! Umeiambia saa tisa ya usiku!

Huo ndio wendawazimu wao: hicho kitu kinaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wakiwa usingizini, badala ya kuanza asubuhi jua likitoka kama watu wenye akili. Saa yetu tatu asubuhi wao wanaandika tisa. Saa yetu tisa alasiri wao wanaandika kumi na tano – kumi na tano! Fundi anaandika tisa na mdomo wake unasema tatu, na hajawahi kujisikia. Jana kwenye simu nilisema nne na nusu, yeye anatazama kumi na nusu, akasema sawasawa! Tumeelewana vizuri kabisa, wote wawili, siku tano nzima.

Wale wenza kumi na kitu huko duniani wananiona nimechelewa saa sita, wananifungia mlango. Kumbe mlangoni kila mmoja anatazama saa ya mwenzake kwanza. Ikipishana sana wanasema huyu tapeli. Na betri ndogo ya ndani, kama kifungo cha shati, ndiyo iliyokufa. Ndiyo maana ikizimwa inasahau. Akaniwekea mpya.

Nimerudi nikikimbia, magoti yanalia. Nimewasha. Haikuniuliza! Wenza 2. Wenza 7. Wenza 11. Kijani! Nimelia kama mtoto, halafu nikajifuta kwa kipande cha sare.

Nikafungua sanduku. Mshale mmoja.

Bado mmoja.

Saa kumi jioni. Mmoja. Nimeelewa: na kompyuta yake lazima iwe imewashwa. Kama ameifunga, anafungasha…

Saa kumi na mbili. Mmoja.

Jumanne, 11 Novemba

Saa moja asubuhi. Mshale mmoja. Wenza 16, wote wazima, wote wa bure.

Kofia yupo. Leo wako wawili.

Nimekaa nikawaza, kabla ya haya mavitambaa ya kompyuta tulikuwa tunapelekeanaje habari? Marehemu baba yake Kitinda alipokuwa na siku zake za kulewa, nilikuwa nafunika cherehani barazani kwa kitambaa cha zambarau. Kitinda akitoka shule akiona zambarau, haingii. Hageuzi shingo. Anapitiliza mpaka nyuma, kwa Bi Mkaa, anakaa kwenye magunia mpaka nimfuate. Alikuwa na miaka saba. Hatujawahi kulitaja hilo jambo tangu tumzike baba yake. Sijui kama analikumbuka. Mtu huficha vitu vya namna hiyo.

Kitambaa kilikuwa chini kabisa ya sanduku la nguo. Kimefifia. Nimefunika.

Wateja wawili wamenifokea. Mama, leo hushoni? Mgongo, mwanangu, mgongo.

Saa nne. Mmoja.

Saa nne na dakika ishirini – naandika upesi, nisome baadaye mwenyewe. Amepita mwanamke, amejifunika mpaka puani, ana mfuko wa sokoni, ameshika mtoto. Hakugeuza shingo. Hatua zake hazikupungua. Mtoto ndiye aligeuka, akaitazama cherehani, akavutwa mkono.

Mkono wa kushoto wa mwanamke haunyooki sawasawa.

Sikuinuka. Sikuita. Nimeng'ata khanga.

Kofia anatazama simu yake. Mwenzake ameinuka, anajinyoosha, anatazama upande uleule walikokwenda. Amesimama tu. Au anafunga mkanda? Sioni vizuri.

Pindo la pazia nimelifumua. Cheti kiko ndani ya nguo, kifuani. Ndoo ninayo mkononi. Mkaa ninao tele jikoni, lakini leo bibi anakwenda kununua mkaa nyuma, kwa Bi Mkaa, polepole, kwa mgongo mbovu, na kwanza atapita katikati ya hao wawili awasalimu, macho yao yabaki kwake.

Sikiliza wewe utakayefungua tena hapa. Usianze na porojo. Kwanza tazama mshale: mmoja au miwili. Cherehani usiifunue mpaka uwe na hakika. Na hilo bati likikuuliza saa, usibishane nalo – ongeza sita, ujibu, unyamaze.