Nilipoacha Kuchekesha Asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa wangu, na kwamba mgongo umepata nafuu tangu mbadilishe godoro. Mimi mwili haujambo. Utulivu tu ndio sina. Haya naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, maana kila nikikaa nainuka.

Uliniuliza kwenye simu kazi mpya inakwendaje, nikakujibu kwa mzaha. Sasa nakujibu vizuri. Miaka kumi na moja niliamsha watu redioni kwa sauti ya bosi mkali, karani mvivu na mama mkwe asiyeridhika, mpaka wakawa wanapiga mswaki huku wanacheka. Nilipoacha mwaka jana, kila mtu alidhani nimeitwa kwenye mshahara mnono. Kumbe nilikwenda kupanga foleni ya usaili wa filamu pamoja na vijana wenye vifua na meno ya kuvutia. Nafasi ya kwanza nilikuwa mlinzi anayefungua geti. Ya pili nilikuwa daktari, nikasema, “Tumefanya tulichoweza,” basi. Ya tatu nilikuwa maiti, na hata hapo nilikemewa kwa kupumua. Dukani hakuna anayeijua sura yangu, lakini nikiomba sabuni tu, watu wanageuka na kuanza kucheka.

Mwezi huu nimepewa nafasi kubwa kidogo: mzee fundi cherehani, mgonjwa, yuko kitandani anasubiri simu ya mwanawe. Mwongozaji ni mama mmoja asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza nilikohoa kile kikohozi changu cha redioni, mpiga picha akacheka mpaka kamera ikatikisika. Tukarudia. Nikaongeza kuulalamikia mto, wakacheka tena. Mara ya sita mama yule akaja akakaa pembeni ya kitanda, akaniambia taratibu, “Unaogopa chumba kikinyamaza. Kwa nini?”

Tulipoanza tena niliiangalia simu pale juu ya shuka, sikufanya kitu kingine chochote. Hakuna aliyecheka. Mama yule akasema inatosha, watu wakaanza kukunja nyaya, nami nikaenda kujifungia chooni mpaka mtu wa mavazi akaja kugonga akitaka nguo zake.

Dada, hapa ndipo mkono unapokuwa mzito.

Asubuhi ile baba alipokuwa anatuaga, nilikuambia simu niliisahau kwenye gari. Si kweli. Ilikuwa mezani, karibu kabisa na maikrofoni. Ulipiga mara tatu. Niliona ni wewe, na nilijua, kwa sababu jana yake uliniambia hutanipigia wakati wa kipindi ila baba akinihitaji. Ningeweza kuweka wimbo. Fundi mitambo alishaninyooshea kidole gumba kwamba wimbo uko tayari. Lakini yule mama mkwe wangu wa kuigiza alikuwa katikati ya maneno yake, kipindi kimenoga, nami nikaigeuza simu kifudifudi. Nikaendelea kuchekesha saa mbili nzima. Nilipotoka nikakuta ujumbe wako kwamba amekwenda.

Wewe uliyemshika mkono peke yako ndiye uliyenifariji mimi. Hata shangazi ulimwambia asinilaumu, gari ni gari, mtu husahau. Kila uliponitetea nilitamani kukimbia, na kweli nilikimbia. Redio niliiacha kwa sababu hiyo, wala si kwa kuchoka kuamka alfajiri kama nilivyowaeleza.

Baada ya mazishi ulianza kuniambia baba alichokuwa anataka kunieleza, nikakukatiza kwa utani. Hukurudia tena. Nimekuwa nikijiuliza mwaka mzima, nikitembea chumbani, nikitembea barabarani, hata nikiwa maiti pale mbele ya kamera. Sasa naomba uniambie, kama alinisema vibaya au vizuri, vyote ni vyangu.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la kwanza. Usipotaka kunifungulia, nitakaa hapo nje mpaka jioni, kisha nitarudi nilikotoka bila kukusumbua.

Nisalimie shemeji sana. Wapwa wabusu, ila barua hii wasisomewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyekudanganya.