Mazishi ya Mtungi

Nyanya mpendwa,

Natumai mgongo umepoa na mwarobaini wetu hapo Lodwar haukosi maji. Jambo hili sijamwambia mtu: naogopa majirani kuliko nge.

Joto la huku ng'ambo, Eagan, limekausha majani ya mti mchanga wa Shangazi, ule alioupanda alipohamia nyumba hii. Jana, yeye akiwa amelala baada ya zamu, nilitoboa mtungi wa plastiki matundu chini, nikauzika kando ya mizizi kama ulivyonifundisha, ili maji yashuke polepole. Mzee jirani aliyekuwa akipita akasimama, akavua kofia.

"Pole sana, kijana. Ni paka wako?"

Kiingereza chote kikanitoka. Nikainamisha kichwa. Naye akainamisha chake.

Jioni alituletea keki ya kutufariji. Alipoondoka, Shangazi akaniita, "Wewe, nani amekufa hapa?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akakaa sakafuni. "Keki haiguswi mpaka ukamwambie ukweli!"

Nilivuka nyasi, nikabisha hodi, nikamwambia nilichozika na sababu yake. Akaleta sepetu na mtungi mtupu, tukautoboa na kuuzika kando ya mti wake.

Mjukuu wako akupendaye,
Ekal