Kiti cha Nyuma

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipashe moto kwanza. Fundi bomba atakuja saa nane, mfungulie.

~~Kile kiti cha baba yako mpe jirani, si alikiomba.~~ Hapana. Kiache.

Asubuhi nilipokuja kukichukua nibadilishe taa ya koridoni, ulinifokea kama mwizi. Nikashupaza shingo, nikakibeba hivyo hivyo. Ule si mchezo wa kompyuta tu, wa kurusha ndege? Ndege yenyewe haipo, kiti cha nini? Miaka yote wewe mbele unarusha, baba yako nyuma anakusomea kimo cha ndege, na chai yangu inapoa mezani. Tangu tumzike, kompyuta ndiyo inayoshika nafasi yake. Nilidhani umeshazoea.

Sasa nikiwa juu ya kiti, balbu mkononi, nikaisikia ile sauti ya mashine: "Futi mia tatu. Punguza mwendo." Nawe ukajibu taratibu, "Sawa, baba."

Nikashuka. Taa sikuibadilisha, kwa hiyo koridoni ni giza, usijikwae.

Kiti nimekirudisha nyuma ya chako. Nikitoka zamu jioni, hiyo sauti izime, nitakaa mimi. Kusoma kimo sijui, na miwani yangu unaijua ilivyo. Utanifundisha. Tukianguka, tuanguke wote wawili.

Mama yako