Vua miwani tupige picha

We mwenzangu, niko hospitali ya macho na mume wangu natamani kumnyonga shingo.

Kampeleka binti yetu kwenye ule mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi kwa bunduki. Mtoto kavaa miwani ya kujikinga muda wote. Hajaguswa!

Wakiwa bado katikati ya uwanja, watu wanafyatua, baba mtu anasema, "Vua miwani tupige picha, uso hauonekani."

VUA MIWANI! Paa! Kidonge jichoni.

Daktari kasema damu imevilia ndani ya jicho, ila ataona. Nimelia kama mjinga.

Mtoto, jicho limefungwa, kamuuliza, "Baba, picha imetoka?"

Imetoka, tena safi. Nyuma yake bango linasomeka lote: USIVUE MIWANI UWANJANI.