Beseni Lisifunuliwe Kwanza

Magarama, Gitega

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Aliyekuletea barua hii ni mkwe wako Yusufu, na mkononi ana beseni lililofunikwa kitenge. Naomba lisifunuliwe. Liwekwe kivulini karibu na mlango, Yusufu apewe maji ya kunywa, na Zaina asome mpaka mwisho. Zaina mdogo wangu, navijua vidole vyako. Viache hapo hapo vilipo.

Goti linaendeleaje, Mama? Bado linakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Na macho je? Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Yusufu anaendelea kutengeneza baiskeli zake, mama yake bado tunaishi naye, nami nauza vitenge pale pale. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza kuniuliza nimekula nini, na habari hii nataka niimalize yote.

Unakumbuka siku mafundi walipomaliza ukuta wa uani. Walimwaga mabaki ya saruji juu ya mrehani wa Baba, ule wenye shina la zambarau na harufu ya karafuu, ambao Wahindi wanauita tulasi. Yule mama wa Kihindi wa dukani Kigoma alimpa Baba mche wake wakati Baba akiwa kijana anayebeba mizigo, akamwambia asiukanyage wala asiutupie maji machafu. Baba akaubeba mpaka Muyinga. Miaka yote uliamka ukachuma majani machache, ukapika chai na tangawizi, ukamimina vikombe viwili. Hata baada ya yeye kufariki ulimimina viwili. Siku ile ukaniambia kwa sauti ndogo, "Sasa baba yenu ameondoka kweli." Kisha nikasikia kwa Zaina kwamba umeacha chai, unakunywa maji ya moto matupu. Nililia mbele ya wateja, Mama, na sikuona haya.

Nikautafuta mrehani huo Gitega nzima. Nikauliza sokoni, nikauliza mtaa wa Yoba, nikauliza hata watu nisiowajua. Kila mtu alinipa umwenya, ule wa porini wanaouchemsha mtu akikohoa. Ni mmea mzuri na ni ndugu yake, lakini ukifikicha jani unajua mara moja kwamba siye.

Ikafika Idi ya Ramadhani. Nikafungua sanduku ulilonipa siku ya harusi, ulilolipanga kwa mikono yako, kila kitenge na kishada cha maua makavu ya mrehani katikati ili nguo zinukie. Kile kitenge cha kijani sikuwahi kukivaa, nilikuwa nakionea huruma. Nilipokikunjua, kishada kikavunjikavunjika, na mapajani mwangu zikaanguka chembe nyeusi, ndogo kuliko ulezi. Mbegu, Mama! Nilicheka peke yangu sakafuni mpaka Yusufu akaja kuniuliza kama nina homa.

Nikampigia Zaina, nikamwapisha asikwambie lolote, nisije nikakupa tumaini la bure. Zaina, hapa soma kwa sauti, usimezemeze maneno. Ulisema nini? "We Hadija uoteshe mrehani? We, hata kitunguu kilikufia jikoni! Ukiota, mi ntakutwangia sombe ya muhogo kila ukija Muyinga, mi peke yangu!" Nitayakumbuka maneno hayo mpaka kaburini.

Sasa usikie tulivyokosea. Mama mkwe wangu ni mkulima wa Bukirasazi, maharage yake yana sifa huko kwao. Aliponiona na mbegu mkononi alikwisha shika jembe. Kabla sijamaliza kueleza, alichimba vishimo nyuma ya jiko, akatia chembe, akafukia na kukanyagia kwa kisigino.

"Mama," nikasema polepole, "Baba alikuwa anazinyunyiza juu ya udongo tu."

"Juu? Na kuku je? Na mvua? We mtoto wa mjini, mbegu iko inazikwa. Mi nalima toka niko mudogo."

Mama mkwe hasahihishwi, sembuse akiwa na jembe mkononi. Tukangoja. Mvua ikanyesha vizuri, maharage ya majirani yakachomoza, magugu yakachomoza, mrehani wetu kimya. Mama mkwe akasema mbegu zilikuwa zimekufia sandukuni zamani, akapanda viazi pale pale. Mimi nilikosa raha kabisa. Niliwaza kwamba kitu cha mwisho cha Baba kimepita mikononi mwangu na sikukishika.

Basi nikaenda kukifua kile kitenge. Kabla ya kukitia majini nikapapasa pindo, na ndani ya mshono vidole vyangu vikahisi mchanga. Haukuwa mchanga! Nilikaa pale karibu na karai nikafumua pindo lote kwa sindano, taratibu, nikapata chembe chache za kujaza ncha ya kijiko.

Safari hii sikumwambia mtu, hata Yusufu. Nilikata bati la mafuta ya kupikia, nikatoboa matundu chini, nikachekecha udongo na samadi kuukuu ya mbuzi. Nikazinyunyiza mbegu juu, nikazigandamiza kwa kiganja bila kuzifukia, nikawa nazinyunyizia maji kwa ncha za vidole kama Baba alivyofanya. Bati nikaliweka dirishani chumbani kwetu, jua la asubuhi linapoingia. Na siku moja nikaona vijani viwili vya kijani, na kando yake vingine. Niliwasalimia, Mama. Wallahi niliwatolea salamu.

Siri yenyewe haikudumu. Mama mkwe aliingia kuchukua ufagio, akasimama mbele ya bati.

"Hii iko nini?"

"Ni ile mbegu, Mama. Ilibaki kidogo."

"Uliizika?"

Nikatazama miguu yangu. Akainama, akachungulia karibu mpaka pua ikagusa udongo.

"Haukuizika," akasema. Nikangoja ghadhabu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Yemwe! Kumbe hii ni mbegu ya wavivu!"

Kuanzia hapo mmea ukawa wake kuliko wangu. Tulipoihamishia miche uani, kuku mmoja alijipatia karamu, na Mama mkwe akamkimbiza mpaka barabarani huku wapita njia wakimshangilia. Baridi ya kiangazi ilipokuja, mingine ikajikunja ikafa, ukabaki mmoja. Mmoja tu, Mama. Jua likizama Mama mkwe aliufunika kwa kikapu, akauingiza chumbani kwake karibu na imbabura yenye makaa. Huyu ni mtu ambaye asubuhi hufagia ua mpaka jani moja halionekani, anasema majani karibu na nyumba huita nyoka. Sasa analala na mti chumbani!

Ukapona, ukanenepa, ukatoa maua. Hapo ndipo shida nyingine ilipoanza, maana harufu yake ilivuka ua, na kila mtu akataka. Huyu ana kikohozi, huyu anataka chai, huyu anataka tu kunusa. Majani niligawa, lakini maua yakichumwa hakuna mbegu, na bila mbegu ningekuletea nini? Mama mkwe akaweka kiti chake pale pale. "Majani ndiyo, maua hapana!" Hata Yusufu, mwanawe wa kumzaa, alichapwa mkono.

Kisha yeye mwenyewe akapata kikohozi kibaya. Kilimshika kifuani akawa hasemi vizuri. Majani mazuri yalikuwa yamekwisha, vimebaki vile vichwa vyenye maua. Nikachukua kisu niende kumkatia, maana mtu kwanza, mti baadaye. Akanishika mkono.

"Wapi! Wacha."

"Mama, unaumwa."

"Mi ntakohoa tu, kikohozi kitaisha. Hii kitu ikuwe na mbegu kwanza. Mama yako iko anangoja kule Muyinga, na hajui kama anangoja."

Nikampikia tangawizi na asali, Yusufu akampeleka kwa muuguzi, na akapona. Mama, nilikwenda nyuma ya jiko nikalia tena. Nimewahi kulalamika kwako juu ya mwanamke huyu. Malalamiko yale yote nayarudisha.

Maua yakakauka yakawa kahawia, tukayafikicha juu ya sinia, mbegu zikadondoka tele. Vichwa vilivyochipua baadaye nilivitia kwenye glasi ya maji, vikatoa mizizi. Sasa ukija Magarama hutatuona kwa mrehani! Mabati ya mafuta ukutani, galoni zilizokatwa dirishani, hata baiskeli mbovu ya Yusufu imebeba kopo. Asubuhi naupika na tangawizi, jioni napaka majani yaliyopondwa mikononi nikiketi nje ili mbu wasiniume, na vitenge vyangu vya kuuza navilaza na vishada, wateja wananusa kabla ya kuuliza bei. Mimi, Hadija, niliyeua kitunguu!

Zaina, utaupanda mbali na ukuta, penye jua. Ukate vichwa mara kwa mara utanue matawi, lakini tawi moja uliache lizae. Kila mbegu utakayovuna, kidogo itunze sandukuni, kidogo mpe jirani, ili siku nyingine fundi akimwaga saruji tusihangaike.

Msalimieni mjomba Saidi aliyenifundisha kusoma, mwambieni mwandiko wangu ndio huo, haujanyooka bado. Msalimieni shangazi Mariamu, nimemwekea mche wake, ni ule mdogo ulio kwenye kopo la maziwa. Salamu kwa mke wa kaka na wanawe, na kwa yule bibi jirani aliyekuwa akija kuomba majani na kukaa mpaka adhuhuri. Aanze tena kuja. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema siku mtakapokutana mtabishana juu ya maharage.

Zaina, andaa kinu. Nakuja baada ya mavuno, na sombe naipenda laini.

Mama, ulisema Baba ameondoka kweli. Hakuondoka. Alikuwa kwenye sanduku la nguo ulilonifungia wewe mwenyewe.

Sasa funua.

Mwanao,
Hadija