Ananiuliza picha ikoje, namjibu ni safi

Mpendwa Mshauri, shikamoo ikiwa umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu na unistahimili, maana naomba msaada na sijui nianzie wapi, mtu akishachoka hata maneno yanatoka ovyo. Mimi ni mshonaji, nashonea nyumbani, na mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika jumba la sinema mpaka jumba lile likafungwa na kugeuzwa ghala la magodoro. Watoto wamekua, wamekwenda kwao, tumebaki wawili na masinia.

Masinia ni jina letu la nyumbani, usije ukadhani tunauza vyombo. Ni zile diski za zamani za filamu, zinazosomwa kwa mwanga wa leza, pana kama sinia la kuandalia chai, zinang'aa kama kioo, na filamu moja imegawanywa pande mbili kwa hiyo katikati lazima mtu ainuke aigeuze. Zilikuja kabla ya hizi diski ndogo, zikapita, na watu wengi hawakupata hata kuziona. Mume wangu alizikusanya moja moja kwa kuandikiana na watu wa mbali, amezisimamisha kabatini kama vitabu maana zikilazwa zinapinda, na chumba cha masinia ndicho chenye feni ya maana, mimi nashonea koridoni. Sinung'uniki, niliyajua hayo mapema na nikakubali.

Sasa katika hizo zote kuna tatu anazoziita wazee, kwa sababu hazipatikani tena popote. Moja ni onyesho la mwimbaji aliyerekodiwa siku ile moja tu akaacha kuimba. Ya pili ni ya mbio za farasi, jalada lake lilichapwa kichwa chini miguu juu, wakatoa chache kisha wakashtuka wakasimamisha, na mwenzangu anaipenda kwa ajili ya kosa hilo, mimi mpaka leo sielewi. Ya tatu ndiyo roho yake. Ni filamu ya mzee mshona viatu ambaye binti yake anapotea, na kwenye majumba ya sinema mwisho wake waliukata, inaishia mzee amekaa peke yake dukani, watu wanatoka wakiwa wanyonge. Lakini kwenye sinia letu, upande wa pili, mwisho wenyewe upo. Binti anarudi akiwa mtu mzima, baba hamtambui, anadhani ni mteja, anamwambia kaa nikupime, na anapoushika mguu tu anajua ni wa nani. Mume wangu akifika hapo alikuwa anavua miwani anajifanya anaifuta.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Tulidhani ni miwani, tukabadilisha miwani, kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Leo anaona mwanga na vivuli, anajua dirisha liko wapi na mimi niko wapi, basi. Ndipo tukaanza utaratibu wetu, kwamba baada ya chakula cha mchana naweka sinia kwenye mashine, nakaa kwenye mkono wa kiti chake na nguo yangu ya kushona pindo, yeye anasikiliza sauti na mimi namsimulia picha. Kabla hatujaanza huniuliza, "Picha ikoje?" kama alivyokuwa akiulizwa kazini na mwenye jumba, nami najibu, "Safi."

Na ilikuwa safi kweli, mwanzoni. Halafu siku moja nikaona chenga pembeni mwa picha, nyekundu na nyeupe, chache tu. Nilifuta sinia kwa kitambaa laini, kesho yake nikalifuta kwa maji ya sabuni, na sasa sijui kama ni mimi niliyeliua, maana chenga zilizidi badala ya kupungua. Diski zenyewe zinaoza kwa ndani, Mshauri, ukiziinamisha kwenye mwanga unaona zimefifia na kuingia madoa ambayo hayafutiki, na zilizotangulia ni hao hao wazee watatu. Siku ile ya chenga za kwanza aliponiuliza picha ikoje nilikuwa nimeacha pasi juu ya sketi ya mteja na harufu imeanza kunifikia, nikasema safi ili nikimbie. Nilijua nitamweleza baadaye. Baadaye haikuja.

Leo upande wa pili wa mshona viatu ni chenga tupu, huoni mtu wala kiti. Mimi nakaa pale natazama chenga na kumsimulia mume wangu filamu kutoka kichwani, na ukweli ni kwamba yanayotokea nayakumbuka lakini mavazi yananipotea, mimi mshonaji mzima. Juzi nilimvisha yule binti gauni la bluu. Mume wangu akasema, "Lilikuwa la kijani, mama watoto." Nikasema, "Ndiyo, la kijani, ni huu mwanga wa dirishani." Akasema, "Ndiyo, mwanga," akanipapasa goti, tukaendelea.

Na amekuwa mgumu siku hizi. Kuna rafiki yake wa siku zote, tunamwita Bwana Kaseti kwa sababu wakati mwenzake anahangaika na masinia yeye alikuwa anajaza nyumba kaseti za video. Anaomba kila mara kuja kutazama kama zamani, na mume wangu anamwambia sebule inapakwa rangi. Sebule yetu mara ya mwisho kuonja rangi binti yetu mkubwa alikuwa hajaota meno. Hata sauti siku hizi anataka iwe chini, mtu ambaye alikuwa akitetemesha vioo mpaka jirani anagonga ukuta.

Binti yetu huyo mkubwa ni muuguzi, ndiye aliyehangaika kumtafutia baba yake nafasi ya upasuaji. Mara ya kwanza baba akasema ana kikohozi. Mara ya pili tulishafika mlangoni, akasema shati linambana hawezi kwenda kwa watu hivyo, akarudi akakaa. Daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba mtoto wa jicho ameiva kupita kiasi, tukizidi kuchezea muda jicho lenyewe litaharibika na hapo hakuna wa kulirudisha. Nimembembeleza, nimelia, nimenuna. Mwishowe wiki hii amekubali, lakini kwa sharti. Amesema, "Nitakwenda. Ila siku nikifunguliwa bendeji, kitu cha kwanza kukiona ni mshona viatu, upande wa pili. Uniahidi." Nikaahidi, Mshauri, ningesema nini, binti alikuwa amesimama pale na karatasi za hospitali mkononi.

Sasa nifanyeje? Nikimwambia kabla, atasema basi hana cha kwenda kuona, atabaki na giza lake na lawama itakuwa yangu. Nisipomwambia, atakaa kwenye kiti chake na macho mapya, ataona chenga, na atajua kwamba muda wote huu nimekuwa nikimdanganya nikiwa nimekaa ubavuni mwake. Na ataona na mengine, maana mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa na meno yote ya mbele na kichwa cheusi, na mpaka leo anawaambia watoto mama yenu hajabadilika, lakini hilo si neno, nimelitaja tu ili nawe ucheke. Kwa kweli nimechoka. Nimechoka kuona kwa niaba ya watu wawili, na nikifikiria kusema nachoka, na nikifikiria kunyamaza nachoka zaidi. Upasuaji ni Jumatatu ya wiki inayofuata. Nishike mkono.

Ni mimi, Mama wa Chenga.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Chenga, marahaba, ingawa nahisi sisi ni rika moja kwa hiyo tusitafutane umri. Barua yako nimeirusha foleni kwa sababu ya hiyo Jumatatu, na wenye ndoa za kugombania rimoti watanisamehe.

Kwanza pole. Kumtunza mtu ni kazi, na kumtunza huku unatunga filamu kila mchana ni kazi mbili. Umechoka kwa haki. Lakini uchovu wako mwingi ni wa kubeba siri, si wa kumbeba mzee, na huo umejitwika mwenyewe.

Pili, acha kujishutumu kwa sabuni. Nimempigia fundi mmoja wa mashine za zamani, nikamsomea sehemu yako ya chenga. Anasema diski zile ni mbili zilizogandishwa mgongo kwa mgongo, na nyingine gundi yake ilikuwa mbovu tangu kiwandani, hewa ikapenya na kuila ile sehemu inayong'aa. Ungezifuta, usingezifuta, zingekufa tu. Nilipotaka kukata simu akaniambia jambo jingine, na hili lisome ukiwa umekaa. Picha ikijaa chenga, sauti nayo haibaki salama. Inakwaruza, inakatika.

Sasa nikuulize, mama. Mume wako haoni, lakini nani kakwambia hasikii? Huyo ni mtu aliyekula mshahara wake kwa kusikiliza mitambo. Ukarudi wewe mwenyewe ukaniandikia kwamba siku hizi anataka sauti iwe chini, kwamba rafiki yake anafukuzwa kwa rangi isiyopakwa, kwamba ulikosea gauni akakusahihisha kisha akakupapasa goti. Uliyaandika yote, ukayapita. Siwezi kuapa, sikai kwenu, lakini mimi naona mzee anajua. Anajua na anakufichia, kama wewe unavyomfichia, na Bwana Kaseti naye amefungiwa nje ili asije akaropoka. Mmekaa kiti kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake na jambo lile lile. Ningecheka kama jicho lisingekuwa linaharibika.

Kwa nini anakwepa hospitali? Sidhani ni kisu, na shati halijawahi kumbana mtu kiasi hicho. Akiona, masinia yatakuwa yamekufa rasmi, na wewe utarudi koridoni kwenye cherehani, hutakaa tena kwenye mkono wa kiti. Anaogopa vyote viwili. Na sharti alilokupa, la mshona viatu kitu cha kwanza, mimi nalisikia kama mtu anayekufungulia mlango useme. Hawezi kukuambia "najua unanidanganya," ataonekana hana shukrani. Kwa hiyo amekuwekea Jumatatu mbele yako, useme kabla haijafika.

Mwambie kabla. Usingoje bendeji, maana huko kutakuwa kumvizia. Mwambie mchana, saa ile ile ya masinia, ila usiwashe mashine. Mpe sinia la mshona viatu mkononi alishike, kisha sema kwa maneno mafupi: hili limekufa, wenzake wawili pia, na mimi nimekuwa nikikusimulia kutoka kichwani. Halafu unyamaze. Najua kunyamaza kutakuwa kugumu kwako kuliko kusema. Akijibu "najua," usimuulize tangu lini, hiyo haikusaidii kitu. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake, diski ni zake, ila shati la Jumatatu lipige pasi hata hivyo, na chagua pana. Binti aje awachukue asubuhi na asikubali kujadili kikohozi.

Kama atasema hana tena cha kwenda kuona, hapo ndipo ukaze uzi. Mwambie hukuwahi kumbembeleza akatibiwe kwa ajili ya diski. Mwambie umechoka kuona peke yako. Maneno hayo yako kwenye barua yako, mimi umeniambia, yeye hujamwambia hata siku moja, na ndiye yanayomhusu.

Bwana Kaseti mruhusuni aingie. Wakusanyaji wa aina yake walikuwa wananakili kila kitu, huenda mwisho ule anao kwenye kaseti fulani, huenda hana, kwa hiyo usimwahidi mzee chochote. Yale masinia ambayo bado mazima waketi pamoja wayanakili sasa, wasingoje nayo yaanze chenga. Na kama hana, basi mwisho wa mshona viatu umebaki vichwani mwenu wawili tu. Jioni moja mkae muusimulie vizuri mpaka mkubaliane rangi ya gauni, kisha mjukuu mmoja ausikie.

Nimebakiza lile uliloniambia nicheke. Sikucheka. Umelisindilia katikati ya sentensi na ukasema si neno, nami nadhani ndilo lililokunyima usingizi kuliko chenga. Umeogopa kuonekana, mama. Mtu aliyekupapasa goti baada ya wewe kukosea gauni hatakuhesabia meno. Hata akihesabu, na yeye hajioni tangu alipoacha kukuona wewe, muwekee kioo mezani mlingane.

Kwa hiyo siku ya bendeji usikimbilie jikoni kusingizia chai. Zima mashine, fungua pazia, kaa kwenye mkono wa kiti chake pale pale unapokaaga. Utamsikia anavuta pumzi. Safari hii usimsaidie, usimweleze chochote. Muulize wewe, "Picha ikoje?" na umwache ajibu mwenyewe.